Mama Futi na Daraja Lililobaki Jekundu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, ongezeni sauti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyepima madaraja. Ndiyo, umesikia vizuri, madaraja. Alipima mia mbili na kumi na moja kwa mkono wake. Likabaki moja.

Ofisini walimwita Mama Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka kwenye mkoba, hata akienda harusini. Kazi yake ilikuwa kutoa vibali vya malori yenye mizigo mikubwa kupita kiasi: transfoma, matangi, mitambo ya viwandani. Lori la namna hiyo halijiendei tu. Lazima lipangiwe njia, lisije likang'oa nyaya au kukwama chini ya daraja.

Zamani njia ilipangwa kwa kalamu, juu ya ramani ya karatasi iliyochanika kwenye mikunjo. Kimo cha daraja kilisomwa kwenye kibao cha barabarani. Nani angebishana na kibao?

Siku moja Mama Futi akagonga muhuri kama kawaida. Kibao kilisema mita tano na sentimita kumi. Lori na mzigo wake, mita tano kamili. Mzigo ukagonga daraja. Dereva akavunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Kisa? Barabara ilikuwa imemwagiwa lami mpya mara mbili. Lami imepanda, daraja liko pale pale, na kibao hakuna aliyekigusa.

Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe. Akaenda hospitali kumwona yule dereva. Dereva anasimulia: "Aliniambia, 'Kaka, mimi ndiye niliyekupeleka pale. Sitaandika tena namba ambayo sijaipima.' Nikamjibu, dada yangu, utapima madaraja yote ya nchi hii? Akaniuliza, 'Kwani yako mangapi?'"

Yalikuwa mia mbili na kumi na mawili.

Basi ikaja ramani ya kompyuta. Unaingiza kimo, upana na uzito wa lori, ramani inakuchorea njia. Ofisi nzima ilishangilia. Mama Futi akauliza jambo moja tu: "Hizi namba za madaraja mmezitoa wapi?" Zilitoka kwenye vibao. Wasikilizaji, hapo pakachimbika! Hakukubali mpaka likawekwa sharti: daraja ambalo halijapimwa linabaki jekundu, na ramani haipitishi mzigo mkubwa hapo. Likipimwa, linageuka kijani.

"Mama, unatuchelewesha," bosi wake alilalamika.

"Bosi, tukikwama chini ya daraja tutachelewa zaidi."

Kila Jumamosi alitoka na ufito mrefu wa kupimia, na binti yake akishika bendera ya kusimamisha magari. Binti anakumbuka: "Wenzangu walipelekwa kutembea bustanini. Mimi napelekwa chini ya madaraja! Nilikuwa nanuna, jamani. Mama ananiambia, 'Nuna utakavyo, lakini shika ufito wima.'"

Miaka tisa walifanya hivyo. Moja baada ya jingine, mekundu yakawa kijani. Kisha maradhi yakamlaza, na mwezi huu akatutoka. Daraja moja likabaki jekundu.

Sasa sikilizeni. Siku ya maziko, tangi kubwa la mtambo wa maji lilikuwa njiani, na njia fupi ilipita chini ya daraja hilo hilo. Yule dereva wetu siku hizi anafanya kazi ofisini humo, kwenye meza iliyokuwa jirani na ya Mama Futi. Bosi akampigia simu: andika kwenye ramani namba ya kibao, mita tano na sentimita kumi, lori lipite kesho. Tangi lilikuwa mita nne na sentimita tisini na tano juu ya trela. Kwa kibao, linapita.

"Nimetoka kumzika sasa hivi," dereva akamjibu. "Siandiki."

Asubuhi iliyofuata alikwenda darajani akichechemea. Akamkuta binti amekwisha kufika, macho yamevimba, ufito mkononi. Walipima mara tatu. Mita nne na sentimita themanini na nane. Narudia: nne na themanini na nane. Tangi lisingepita. Likazungushwa njia ndefu, na lilifika salama.



Kwa binti yake, kwa ndugu na wafanyakazi wenzake wote: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayetusikiliza ukiwa kazini, kabla ya kutia saini yako leo, jiulize: hili nimelihakikisha, au nimelisoma tu kwenye kibao?

Kwenye ramani ile, kila daraja lina nafasi ya jina la aliyepima. Kwenye lile la mwisho binti ameandika: "Mama Futi. Mimi nilishika ufito."

Madaraja mia mbili na kumi na mawili. Yote yamepimwa, Mama. Pumzika.