Mzee Stanislas Tsongo, Aliyewapa Dinosaria Majina ya Kwetu

Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu Mzee Stanislas Tsongo alichukua boksi tupu la sabuni, akalipasua kwa kisu cha jikoni, akalilaza magotini upande usio na maandishi, akachora dinosaria mmoja. Mmoja tu, hakuzidisha. Akimaliza aliinua boksi juu ili mjukuu wake Marlène alione kutoka jikoni, akauliza, "Jana tulizaa nani?" Marlène akajibu, "Paluku." "Na leo?" "Kasereka." Basi jina likaandikwa chini ya miguu ya mnyama kwa herufi kubwa. Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa, na Mzee hakuona kwa nini wanyama wake wakae bila utaratibu. Majina yakiisha, aliifunga familia hiyo kwa kamba ya katani, na kesho yake akaanza nyingine, kwa Kambale.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kyondo, karibu na Butembo, upande wa Congo. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, mama yake alifinyanga vyungu. Mzee mwenyewe alisema alijifunza kuchora kwa kukwaruza kuku na mbuzi juu ya vyungu vibichi vya mama, na kila kuku alimletea kofi lake. Chungu kimoja chenye kuku kilinunuliwa sokoni na mtu aliyedhani ni urembo. Tangu siku hiyo makofi yalipungua.

Alisoma shule ya msingi ya misheni palepale Kyondo, kuanzia 1964 hadi 1970, akapata cheti cha darasa la sita. Alitaka kuendelea. Baba yake alimwambia kahawa ni nyingi na migongo ya kuibeba ni michache, kwa hiyo akaingia kazini akiwa na miaka kumi na minne. Cheti hicho alikitia katika nailoni, akavuka nacho mpaka, na hata leo kiko chini ya godoro lake.

Alibeba kahawa mpaka 1978. Mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliuona mwandiko wake, akamweka dukani awe karani. Ndipo alipomwona Elise Kavira, aliyekuja kununua chumvi mara nyingi kuliko watu wanavyokula chumvi. Barua ya kwanza aliyomwandikia ilikuwa na mistari minne, na mahali pa sahihi palikuwa na kuku. Mama Elise anasema mistari hiyo ameshaisahau. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981, Jumamosi, katika parokia yao Butembo. Mungu aliwapa watoto watatu: Blandine, Bénit na Aaron.

Baadaye Mzee alihamia kazi ya mpakani, Kasindi, kuwajazia wafanyabiashara fomu za mizigo. Mnamo Novemba 2014, watu walipokuwa wakiuawa huko Beni, yeye na Mama Elise walivuka daraja la Mpondwe na kuja Bwera, upande wa Uganda. Mzee alikuwa na mkoba wa kalamu mkononi, na mgongoni alimbeba Marlène, mtoto wa Blandine, wa miaka mitano. Blandine mwenyewe alikuwa ameshatangulia Kasese, akiuza vitenge, na Marlène akabaki kulelewa na babu na bibi. Tangu hapo Mzee akafanya kazi ileile upande huu wa daraja, meza moja, kiti kimoja na karatasi za kaboni.

Dinosaria walikuja mwaka uliofuata. Katika mfuko wa nguo za msaada kulikuwa na kitabu cha watoto cha Kifaransa kisicho na jalada, na panya walikuwa wamekula nusu ya chini ya kila ukurasa. Vilikuwa vimebaki vichwa na shingo. Mzee alikifungua, akakitazama sana, kisha akamwambia mkewe kwamba mnyama mkubwa namna hii kukaa mbele ya watu bila matako ni aibu, lazima mtu amsaidie. Akaanza kuwasaidia. Mmoja alipewa matako ya mbuzi. Mwingine alipewa magurudumu ya bodaboda. Mwingine alifungwa kitenge, akatwishwa beseni la mihogo, akapangwa foleni kwenye mpaka. Wakati wa Ebola alimchora mmoja mwenye shingo ndefu akipimwa joto, na mpimaji amepanda ngazi.

Mara nyingi alitumia pia migongo ya fomu zilizoharibika. Mwaka 2018 alikosea, akachora mgongoni mwa fomu isiyoharibika. Ilikuwa fomu ya Mama Yunia, mchuuzi wa samaki wakavu, naye aliipeleka dirishani bila kuigeuza. Afande aliyekuwa zamu aliigeuza. Mzee aliitwa.

"Mzee, huyu ni mnyama gani?"

"Ni wa zamani, afande. Alishakufa."

"Alikufia wapi? Upande wa Congo ao upande wetu?"

"Alikufa mbele, wakati mpaka haijawekwa."

Afande akafikiri. "Basi huyu hana kosa," akasema. "Lakini samaki wa mama atasubiri fomu ingine, na hii itabaki kwangu." Mama Yunia alikasirika mpaka jioni. Yuko hapa mazishini leo, na jana usiku ndiye aliyetukumbusha kisa hiki, akicheka na kujifuta macho kwa pamoja.

Marlène alisoma Bwera mpaka darasa la nne. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, akabaki nyumbani, na zilipofunguliwa hakurudi. Kusoma kwake kwingine kote kulitoka kwenye maboksi ya sabuni. Mzee alimfundisha herufi kwa majina ya dinosaria, na hesabu kwa meno yao. Hata mkono ulioandika maneno haya ulishikwa na mkono wake kwanza.

Kwa hiyo yafuatayo yanaandikwa kwa aibu, lakini lazima yaandikwe.

Mwaka jana Marlène alianza kujifunza kusuka nywele katika saluni ya Phionah, pale karibu na soko. Wasichana wa pale walikuwa wameshasikia habari za mzee wa Congo anayechora mijusi. Walimwita "Papa Mijusi". Walisema amechanganyikiwa na vita. Marlène alikuwa akiwasikia, akisuka. Hakuna aliyejua huyo ni nani wake, naye hakuwaambia.

Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba 2024, siku ya soko, saluni imejaa, Mzee alitokea mlangoni na kofia yake, amebeba ubao alioupaka rangi. Alikuwa ameufanyia kazi wiki mbili, kwa siri. Juu ya ubao kulikuwa na dinosaria jike amekaa kwenye kiti cha plastiki, amesukwa rasta ndefu kutoka kichwani mpaka kwenye ncha ya mkia, anajitazama kwenye kioo na kujipenda. Chini yake aliandika: MARLÈNE ANASUKA HAPA.

Saluni nzima ilicheka.

"Eh, huyu alimaliza bandali ngapi za nywele?" mteja mmoja akauliza.

"Na mkia pia wamemshona," akasema mwingine. "Mume wake iko na kazi."

Hicho ndicho Mzee alichokitaka, wacheke. Alikuwa anatabasamu. Lakini Phionah aligeuka, akamtazama Marlène. "Jina lako limeandikwa. Huyu mzee ni wenu?"

Marlène alikuwa na vidole ndani ya nywele za mtu. Hakuinua macho. Akasema, "Hapana. Ni mpangaji tu pale kwetu."

Mzee alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Masikio yake yalikuwa mazima mpaka siku aliyokufa.

"Ndiyo," akasema. "Niko mupangaji. Nimeleta tu mbao." Akaegemeza ubao ukutani taratibu, akavua kofia, akawaaga wote, kisha akamuaga Marlène kama unavyomuaga mtoto wa watu: "Kazi njema, mutoto."

Ubao ule ulikaa kwenye saluni miezi minane. Ulikuwa unafunika pipa la maji, picha ikiangalia chini.

Jioni ile Mzee alipofika nyumbani hakuingia. Alisimama nje ya mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akabisha. "Hodi. Mupangaji amerudi." Mama Elise, asiyejua lolote, akacheka. "Karibu, mupangaji. Chakula haijaiva." Tangu siku hiyo ukawa mchezo wa nyumba. Akitaka chumvi, mpangaji aliomba chumvi. Akitoka, mpangaji alimuaga mwenye nyumba. Mama Elise alimwambia jirani kwamba mzee wake ameanza utoto. Mtu mmoja tu ndani ya nyumba hakucheka. Asubuhi Mzee akiinua boksi na kuuliza, "Leo tumezaa nani?" Marlène alijifanya yuko mbali, na Mzee akaandika jina mwenyewe.

Labda alikuwa anamchapa kwa njia yake. Labda alikuwa anamfungulia mlango, kwamba ukitaka kuongea, neno hili hapa, tumelifanya dogo, lishike. Marlène alilishika mara nyingi. Alilifikisha mpaka kooni anapommiminia chai, anapomkunjia shuka. Hakulitoa.

Presha ilimwanza Mzee mwaka 2022. Februari ya mwaka huu miguu ilivimba, akalazwa siku kumi na mbili katika hospitali ya misheni, Kisinga. Wauguzi walimpa maboksi matupu ya dawa, naye akazaa familia nzima kwa watoto wa wodi ya jirani. Alitoka na tarehe za kurudi kupimwa. Katika moja ya tarehe hizo, siku ya Alhamisi, 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, alifariki akiwa amekaa kwenye benchi akingoja kuitwa. Thembo, kijana wa bodaboda aliyempeleka, anasema alidhani Mzee amesinzia. Boksi la siku hiyo lilikuwa bado kwapani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Tulipokaa kupanga programu hii ya mazishi, mjomba Bénit alisema, "Andika kazi yake ya mpakani. Habari ya mijusi uache, watu watacheka."

Mama Elise akamjibu, "Bacheke. Alikuwa anachora juu ya nini tena, kama si bacheke?"

Hapo Marlène alisimama, akaenda saluni. Alimkuta Phionah anafagia. Akauinua ubao kutoka kwenye pipa, akamwambia, "Yule mzee hakuwa mpangaji. Ni babu yangu, baba ya mama yangu. Amekufa jana." Phionah aliweka ufagio chini. Akachota maji ya pipa, wakauosha ubao wote wawili. Rangi ya rasta imetoka kidogo, mkia ni mzima. Ndiyo picha mnayoiona mbele ya programu hii, na ndiyo maana mchapaji wa Kasese alitupigia simu mara mbili kuuliza kama tuna hakika.

Mzee Tsongo ameacha mjane, Mama Elise Kavira, watoto watatu, Blandine wa Kasese, Bénit na Aaron, wajukuu saba, na familia mia kadhaa za dinosaria, ambazo ya mwisho imeishia kwa Katembo kabla majina hayajaisha. Kati ya wajukuu hao saba mmoja ni Marlène, ndiye anayesoma hapa. Anawaomba mliokuwa saluni siku ile, na hata msiokuwepo, mjue kwamba alidanganya. Mungu amfungulie Mzee bila kubisha hodi, ampe nyumba yake mwenyewe, alale humo kwa utulivu.

Asubuhi ile ya Alhamisi alichora kama kawaida. Alivaa koti la kahawia, akaweka kadi ya hospitali mfukoni na boksi kwapani. Boksi halikuwa na jina bado. Marlène alikuwa uani anaosha sahani, na Phionah alikuwa amesimama getini akimngoja waende kazini.

"Mwenye nyumba," Mzee akasema, "mupangaji anatoka. Anaenda Kisinga. Iko mutu wa kumusindikiza?"

Marlène alisikia. Phionah alikuwa anatazama. Marlène akaendelea kusugua sahani ambayo ilikuwa imeshatakata.

Mzee alingoja. Akamwinulia boksi kidogo, kama zamani. "Jana tulizaa Katembo," akasema. "Na leo?"

Maji yalikuwa yanatiririka. Mzee akarudisha boksi kwapani, akasema, "Basi," kwa sauti ya mtu asiyekasirika. Akaweka kofia vizuri. Akamsalimia Phionah getini, akamuuliza habari za mama yake, akapinda kulia kuelekea bodaboda zinaposimama, na hakurudi.