Fundi Msasa Anaiacha Baraza ya Mbao

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, fundi rangi wa kituo chetu cha mazoezi ya viungo atarudisha funguo za karakana na kwenda zake. Kwenye faili ana jina refu, lakini sisi tunamwita Msasa, na hata mgonjwa aliyelazwa juzi anamwita hivyo hivyo. Mimi ni mtunza stoo. Nimempa brashi na makopo ya rangi kwa miaka kumi na tisa, na nimeombwa kuandika habari zake kwa sababu, walisema, mimi ndiye ninayemjua kuliko wote. Si kweli. Aliyemjua kuliko wote hayupo tena.

Alikuja hapa kwa kibarua cha wiki mbili, kupaka kuta za wodi ya wanawake. Nyuma ya wodi hiyo kuna baraza ya mbao, mita ishirini na mbili urefu, ambapo waliopata kiharusi na waliovunjika miguu hujifunza kutembea upya. Ilijengwa kwa mbao kwa sababu anayeanguka juu ya mbao hupona upesi kuliko anayeanguka kwenye saruji. Lakini katika joto na unyevunyevu wetu, mbao ya nje ni mgonjwa wa kudumu: jua huipasua, mvua huivimbisha, kuvu huila taratibu. Kibarua yule aliinama, akaibonyeza kwa kidole gumba, akamfuata msimamizi wa wakati huo ofisini.

"Mzee, kuta zinaweza kungoja. Ile baraza inakufa."

Akaambiwa basi aiponye. Hakuondoka tena.

Dawa yake haikuwa na siri. Kila mwaka, mvua zikikatika, aliifunga baraza siku nane. Aliisugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, akaua kuvu, akaiacha ikauke siku tatu nzima hata kama juu imeonekana kavu baada ya saa mbili. Kisha msasa, kufuata nyuzi za mbao. Kisha rangi, asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, kwa sababu rangi inayopakwa kwenye mbao ya moto hukauka juu tu, halafu inatoa malengelenge. Ncha za mbao alizipaka mara mbili, akisema maji ni kama mwizi, huingia pasipo na mlinzi.

Mwaka mmoja msimamizi aliyefuata alitaka rangi ya kung'aa, maana wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Msasa alieleza kwamba rangi ile huteleza, na kwamba rangi ya sakafu ya nje huchanganywa mchanga laini ili mguu ushike. Akaambiwa apake alichoagizwa, akapaka. Wageni walipofika, msimamizi alitangulia, akateleza na kukaa chini kwa heshima zote mbele yao. Msasa alimletea kiti. Jumatatu alianza kuikwangua yote bila kuagizwa.

Jina la Msasa alipewa na dobi wetu. Siku moja fundi alimpelekea dada huyo suruali iliyoganda rangi kama ubao, naye akaishika kwa vidole viwili na kusema, "Baba, hii si ya kufuliwa, ni ya kupigwa msasa." Chumba kizima cha kufulia kiliangua kicheko. Mwaka uliofuata walioana. Dobi alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ndiyo maana fundi na mimi tumeitana shemeji miaka yote hii.

Miaka sita iliyopita, dobi alianguka kando ya meza ya kupigia pasi. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na nusu ya ulimi. Alilazwa katika wodi ile ile ambayo mumewe alikuja kuipaka rangi. Wiki ya sita mtaalamu wa mazoezi alimtoa nje kwenye baraza kwa mara ya kwanza, na hiyo ilikuwa wiki ambayo baraza ilipaswa kufungwa.

Msasa alikuja dirishani kwangu. Brashi zake nilikuwa nimeshaziweka tayari.

"Shemeji," alisema, "leo kasimama mwenyewe. Nikifunga siku nane, atarudi kulala."

Nikamjibu, "Ahirisha. Mbao hazina haraka."

Akaahirisha wiki, kisha nyingine. Dobi alipiga hatua nne, kisha saba, kisha kumi na tano. Mumewe alisimama mwisho wa baraza, mikono nyuma, kwa kuwa alikatazwa kumshika. Mvua zikaja kabla ya wakati wake na hazikukatika. Asubuhi moja ya manyunyu, dobi alitembea mita zote ishirini na mbili bila kushika kitu. Alipomfikia mumewe alitazama chini, akakusanya ulimi wake mzito, akasema, "Mbao zako... chafu."

Msasa alicheka mpaka akalia. Sote tulilia.

Dobi alirudi nyumbani. Siku ya kumi na tisa kiharusi cha pili kikamchukua, wala hakikumpa nafasi ya kuaga.

Msasa aliporudi kazini, mbao tisa zilikuwa zimeoza nchani chini ya rangi iliyochakaa. Kabla hajamaliza kuzikagua, mkongojo wa mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu, ulitoboa ubao. Mzee akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Msasa alimwendea msimamizi wetu wa sasa siku hiyo hiyo.

"Kosa ni langu. Niliichelewesha kwa ajili ya mke wangu."

Msimamizi alijaribu kumpoza. "Uliiacha wazi kwa wagonjwa wote, fundi, si kwa mkeo tu."

"Mwalimu hakuvunjwa mkono na wagonjwa wote," alijibu.

Aliomba barua ya onyo, akapewa. Ni onyo pekee katika miaka thelathini na mmoja, na alipoambiwa baadaye kwamba linaweza kuondolewa kwenye faili, alikataa. Wiki sita nzima alipita wodini kila asubuhi kabla ya kazi kumfunga mwalimu vifungo vya shati. Mbao tisa alizibadilisha kwa mkono wake.

Neno "ahirisha" halimo katika barua ile. Nililisema mimi, na yeye hakulitaja kwa msimamizi, wala hajawahi kunikumbusha hata kwa utani. Nimelibeba miaka sita. Leo naliandika hapa, ili faili lake likisomwa, na hili lisomwe pamoja nalo.

Binti yao amekuja kumchukua akaishi naye, mji wa mbali. Msasa amekubali, ingawa aliniuliza mara mbili kama ninajua njia ya kwenda makaburini, na mara zote mbili nikamwambia najua, nitakuwa nikienda. Nafasi yake bado haijapata mtu. Ameniandikia kurasa mbili za maelekezo kwa herufi kubwa, kama mtu anayemwachia jirani mtoto mdogo.

Wafanyakazi wote mnatangaziwa kwamba sherehe ya kumuaga, Ijumaa saa nane mchana, itafanyika bwaloni wala si nje barazani kama ilivyopangwa. Mvua zilikatika wiki iliyopita, na fundi amegoma kuondoka kabla ya kuipaka rangi mkono wa mwisho. Alipaka jana, na kabla ya Jumatatu hataki mguu wa mtu pale, hata wake mwenyewe. Jumatatu wagonjwa watatoka kutembea juu yake, naye atakuwa safarini.

Asante, shemeji. Nenda salama, na siku zako zilizobaki ziwe njema.