Risala ya Watu wa Nyuma ya Nguzo kwa Aliyepiga Penalti ya Tano

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Viwanja. Viongozi wote mliokaa kivulini. Nanyi wengine mnaochomwa na jua pamoja nasi:

KUKUKARIBISHA

Sisi wanachama wa Umoja wa Mashabiki wa Nyuma ya Nguzo tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunakupongeza kwa cheo. Tunakupongeza na kwa kitambi, kwa maana mara ya mwisho ulipoonekana uwanjani ulikuwa mwembamba kama uzi, umevaa jezi ya taifa namba kumi na moja, umepiga magoti kwenye nyasi za uwanja huu huku umejifunika uso kwa ile jezi.

Tunajua wote waliosimama hapa kabla yetu wameizunguka habari hiyo kama mtu anayezunguka dimbwi akiwa na viatu vipya. Sisi tutapita katikati. Miaka kumi na sita iliyopita, mashindano ya bara yalipochezwa hapa nyumbani, ulipiga penalti ya tano ya nusu fainali na mpira ukapaa juu ya mtambaa panya. Mpaka leo hatujui ulitua wapi. Yamekwisha. Tuendelee.

HISTORIA YA UMOJA WETU

Mheshimiwa, ukitazama kushoto kwako utaiona nguzo ya nne, ile nene. Mhandisi aliyeiweka hapo hatumjui, na yeye ashukuru Mungu hatumjui. Nyuma yake kuna viti ishirini na saba. Aliyekaa hapo analiona goli la kusini vizuri, anaona katikati, anaona hata mashati ya wakubwa wa jukwaa kuu. Goli la kaskazini halioni. Tulizinunua tiketi zile kwa sababu ndizo zilizobaki, na hakuna aliyetwambia kitu. Siku ya kwanza tulimshika mkatisha tiketi kwa maneno makali. Alitujibu, "Nyie mlitaka kuingia uwanjani. Si mmeingia?"

Aliyetuokoa ni mama mmoja mshona nguo, mwenye duka nyuma ya soko, ambaye shingoni hatoki bila futi kamba. Tulimwita Bi Futi. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho wa safu, na akijiinamisha kulia anaiona kaskazini yote. Dakika ya kumi na mbili ya mechi ya kwanza, watu walipomsumbua mno, "Kuna nini? Kuna nini?", alisimama akasema, "Nyamazeni, nitasema mara moja, atakayekosa kusikia shauri yake."

Hivyo ndivyo tulivyoyaona mashindano yale, kwa mdomo wa fundi cherehani. "Winga wao anafumua mshono wa kushoto! Beki wetu kapitishwa mpira miguuni kama kifungo kwenye tundu lake! Shuti! Limetoka nje futi moja na nusu, na nusu hiyo nimekupunguzieni." Hakuongeza chumvi. Mshambuliaji wetu akikosa goli la wazi, anasema amekosa goli la wazi, na anamtaja mama aliyemzaa. Watu wa safu za jirani wenye macho mazima walianza kutusogelea. Walisema wakisikiliza kwake mpira unanoga kuliko wakiutazama.

Tulikuwa pia na ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa ni seremala, yuko hapa leo. Mdogo wake alikuwa muuza vyuma chakavu. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili. Chanzo ni kitanda: Seremala alimtengenezea mdogo wake kitanda cha harusi, kikavunjika usiku wa kwanza. Mdogo mtu akalitangaza jambo hilo sokoni, tena kwa kujisifu. Seremala naye akasema kazi yake haina dosari, ila hakuelezwa kama kitanda kingetumika kutwangia. Maneno yakazaa maneno. Kwa kisirani tiketi zao zikaangukia safu moja. Walikaa wakiwa wametenganishwa na watu watatu, wakitumiana salamu kwa mkono wa watu: "Mwambie huyo asogeze mguu." "Mwambie huyo mguu wangu haumhusu."

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio yetu ni jambo moja tu, na lilipatikana kwa uongo.

Siku ya nusu fainali hakuna aliyekaa kitini. Penalti zikapigwa kaskazini, si unajua tena bahati yetu. Wale watu watatu wa katikati walikuwa wamesukumwa na umati mpaka safu ya mbele, na ndugu wale wawili wakajikuta bega kwa bega. Nne zilikuwa zimeshapigwa kila upande. Pande zote mbili zilikuwa zimetia zote, nao wakaongeza na ya tano. Sisi tulibaki na ya kwako. Ukitia tunaendelea, ukikosa tunakwenda nyumbani.

Bi Futi akajiinamisha. "Anauweka mpira. Anarudi nyuma. Hatua nne, tano, sita. Mbona anarudi sana, anakwenda kwao? Anakuja..."

Kisha uwanja ukatoa sauti. Mheshimiwa, watu elfu arobaini wakipiga ukelele kwa pamoja, sekunde ya kwanza huwezi kujua ni kilio au ni shangwe. Tuligeuka wote kumtazama. Midomo wazi, kama makinda ya ndege. Naye akatutazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Limeingia!"

Hatuna haja ya kueleza tulichofanya. Katibu wetu, kinyozi anayekusomea risala hii, alimbusu askari wa zamu. Seremala alimnyanyua mdogo wake juu kama gunia la unga, na mdogo wake, huko huko juu, akamshika kichwa akawa analia, "Kaka! Kaka yangu!" Tuliona majukwaa mengine watu wameshika vichwa, tukadhani furaha imewazidi.

Ilichukua kama dakika moja. Waliotuzunguka ndio walioanza kutugeukia. Uwanja mzima msiba, sisi tunacheza. Askari wakatubeba wote ishirini na saba, wakatufungia kwenye stoo ya nyavu na bendera za kona.

"Nyinyi ni wa nchi gani?" mkubwa wao akauliza.

"Ya hapa hapa, afande," akasema Seremala, bado kamshika mdogo wake begani.

"Na mnashangilia nini?"

"Bao, afande."

"Bao lipi?"

Kisha mmoja mmoja tukageuza shingo kumtazama Bi Futi, aliyekuwa amekaa juu ya rundo la nyavu akiviringisha futi kamba yake kidoleni.

"Amekosa," akasema. "Limepaa. Futi nne juu, au tano. Nisameheni."

CHANGAMOTO

Hapa, Mheshimiwa, ndipo tunaposoma kwa kuinamisha kichwa.

Hatukumsamehe. Tulipiga kura hapo hapo stooni, askari wakiwa mashahidi, tukamfukuza. Tulimuuliza sababu, akasema hana ya kusema. Tukaona ametudhihaki. Neno lile alilotuambia, "Limeingia", likawa jina lake mtaani. Akipita sokoni watu wanalipigia kelele kutoka kibanda hadi kibanda. Mteja mmoja alimpelekea kitambaa cha suruali akamuuliza, mbele za watu, "Utanishonea kweli, au utaniambia tu imeshonwa?" Watu wakacheka. Tulikuwepo. Tulicheka zaidi yao. Alimrudishia kitambaa chake kimekunjwa vizuri, na kabla ya mwaka kwisha akafunga duka, akahamia upande wa pili wa mji ambako hakuna anayemjua kwa neno lile.

Wewe nawe hatukukuacha. Tulikutukana mpaka sauti zikakauka. Katibu alibandika tangazo kwenye kibanda chake cha kunyolea kwamba hapo hanyolewi mtu aliyekosa penalti. Ulipita siku moja, ukasimama ukalisoma, ukaenda zako. Tangazo lilikaa ukutani miaka mitatu.

Tangu tumfukuze yule mama, nyuma ya nguzo kumekuwa giza. Tulijaribu redio, ikawa inatangaza bao wakati wachezaji wameshamaliza kulishangilia. Tulimjaribu Katibu. Kazi yake ni kusema, "Aah! Eeh! Mama yangu!" halafu anakaa chini, nasi tunabaki kubahatisha nani kafanya nini.

Mwaka huu, mdogo wake Seremala aliugua wiki mbili akafariki. Tulizika. Kwenye kikao kilichofuata Seremala alisimama, naye si mtu wa kusimama. Akasema, "Mimi na mdogo wangu tulipatana siku ile. Kumi na sita, jamani, miaka kumi na sita tumekula meza moja. Nimemtengenezea vitanda viwili vingine na havijavunjika. Tungengojea bao la kweli, tungezikana hatujasemezana. Nani kati yenu amekwenda kumshukuru yule mama?"

Kesho yake yeye na Katibu wakapanda basi, wakalitafuta duka mpaka wakalipata. Bi Futi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, miwani imemshuka puani. Hakuinua uso.

"Mnashona nini?"

"Hatushoni, dada," Seremala akasema. "Tumekuja kufumua."

Ndipo alipoinua uso. "Kaeni. Msikalie vitambaa vya watu."

Seremala akamweleza habari za msiba. Bi Futi alivua miwani, akamuuliza maradhi yalikuwa nini, akampa pole kama anavyopewa mtu wa nyumbani. Kisha akasema jambo ambalo kwa miaka yote hatukulijua, kwa sababu tulilolitaka stooni lilikuwa utetezi, na yeye hakutaka kujitetea kwa siri za watu.

"Nilitaka kusema amekosa," alisema. "Neno lilikuwa hapa ulimini. Nikawageukia. Nikaona mkono wako, Seremala. Umemshika mdogo wako mkono wa shati, umeukunja wote kiganjani, na mwenyewe hujui kama umemshika. Nikajua nikisema amekosa, utatazama chini, utauona mkono wako, utauondoa. Nikasema moyoni, mwacheni kidogo. Kidogo tu. Sikudhani mngeruka vile."

Seremala alitoka nje, akasimama mlangoni amewapa mgongo. Bi Futi akamwachia nafasi. Akarudi kwenye sindano, lakini Katibu aliona kuwa uzi hauingii.

Tulimwomba arudi kwenye kiti chake. Alisema atarudi. Tulimwomba aje leo, akakataa katakata. "Yule kijana nilimsingizia bao," akasema, "wakati yeye anaaibika mbele ya dunia nzima, mimi nikawafanya watu wacheze nyuma yake. Aliwaona. Alipokuwa anarudi katikati aligeuka akatazama upande wetu, nilimwona kwa macho yangu. Alidhani wanamcheka. Nitamtazamaje?" Kijana huyo ni wewe, mgeni rasmi. Utuwie radhi, ndivyo alivyokutaja. Tulimwambia habari za kitambi, hakuamini.

MAOMBI

Ofisi yako ilituandikia kwamba katika ukarabati wa uwanja huu viti vyetu ishirini na saba vitang'olewa kwa kuwa "havina tija", na mahali pavyo litawekwa bango la matangazo. Tunaomba visiguswe. Tija hatuijui vizuri, ila tunajua vimefanya nini. Tena hatuombi nguzo iondolewe. Tumeshaizoea, na tukiwa wakweli, mengi yanayotendeka goli la kaskazini ni afadhali tusiyaone.

Tunaomba pia choo cha jukwaa letu kipate mlango. Kwa sasa tunatumia bango lenye picha ya mtangulizi wako, na kila anayeingia anatoa salamu.

Ombi la tatu halina barua wala muhuri. Tukimaliza hapa watakupeleka kula, na baada ya chakula gari lako litapita barabara ya hospitali. Kabla ya mzunguko kuna duka la nguo lenye mlango wa bluu. Tunaomba ulisimamishe gari hapo. Mama yule yupo mpaka saa kumi na mbili jioni. Hajui kama tumekuomba, na akijua atatufukuza yeye safari hii. Ukifika mwambie, kama ni kweli, kwamba siku ile ulipogeuka hukuona watu wanaokucheka. Kama uliona hivyo, basi sasa umeusikia ukweli, nenda kamsikilize naye.

Sisi radhi tumekwisha kuomba, kwake mlangoni, na kwako hapa mbele ya kadamnasi. Mtakayoongea nyinyi wawili hayatuhusu. Hatutachungulia, na hatutataka mtu atusimulie.

Mungu akupe afya, akupe wasaidizi wasemao kweli, na akushushie hicho kitambi taratibu bila maumivu.

Ni sisi, kwa heshima na kwa aibu kidogo,

Wanachama ishirini na watano tuliobaki,
Umoja wa Mashabiki wa Nyuma ya Nguzo.
Imesomwa na Katibu, kinyozi.