Historia ya Kaka Mkubwa, Aliyeruhusu Simu Kumi na Mbili Tu

Ndugu wafiwa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, karatasi hii imeandikwa na familia na kupitiwa na wajomba wawili, na amepewa mdogo wake aisome kwa kuwa ndiye aliyekaa naye karibu miaka yote, nyumbani na kazini, ingawa mdogo mtu huyo, anayesimama mbele yenu sasa, alipofika asubuhi na kukuta viti vimejaa hadi nje ya lango, kitu cha kwanza alichofanya ni kujiuliza kama siku yake ikifika watapatikana hata nusu ya hawa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshona nguo, na mdogo wake akafuata miaka miwili baadaye, akakuta kila kitu kimeshashikwa, kitanda cha dirishani, jina la babu, na sikio la mama. Alianza shule ya msingi Januari 1975, akamaliza sekondari Novemba 1986 akiwa wa pili darasani, na mdogo mtu alipomaliza akiwa wa tisa, mama alimkumbatia, akampongeza, kisha akamuuliza kwa upole kabisa kilichotokea ni nini. Donge lile halijashuka mpaka leo.

Marehemu alisomea ufundi wa simu, akaajiriwa tarehe 2 Julai 1991 na kampuni ya bima yenye matawi manne, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha mawasiliano, na ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi kitengo hichohicho, jambo ambalo mdogo mtu hakulishukuru, kwani nani anapenda kuingizwa ofisini kwa kushikwa mkono? Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu aliyekaa hapa mstari wa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akizaliwa tarehe 8 Juni 2009, na hapo ndipo karatasi inaporuka jambo.

Mwaka 2007 simu za kampuni zilihamishiwa kwenye mtandao wa kompyuta, zikawa zinapita njia moja na kazi nyingine zote za ofisi, na njia ya kwenda tawi la viwandani ilikuwa nyembamba, basi marehemu akakaa wiki tatu akipima, akisikiliza, akiandika kwenye daftari, kisha akaweka kikomo, simu kumi na mbili kwa wakati mmoja, ya kumi na tatu ipewe mlio wa laini kujaa hata ikiwa ya mkurugenzi. Watu wa tawi walinung'unika wakamwita Bwana Mlango, naye akacheka, akawaeleza kila mara kwamba simu moja ikizidi haiumii peke yake, inawaharibia wote waliomo.

Siku yule mtoto wa mwisho anazaliwa, marehemu alikuwa hospitali na mkewe, nywila yake akamwachia mdogo wake. Mkuu wa tawi akapiga kulalamika, na mdogo mtu, aliyechoka kusifiwa kama mdogo wa fulani, akaingia kwa nywila ya kaka yake, akafuta kumi na mbili, akaandika arobaini. Kesho yake, Jumanne, saa mbili asubuhi, tawi zima lilimshangilia, mkuu wa tawi akasema kumbe mwenye akili ni huyu, loo, raha iliyoje, nayo raha ikadumu mpaka saa nne na dakika ishirini, simu zilipopita ishirini, kila mtu akaanza kumsikia mwenzake vipande vipande, halo halo kila meza, na mteja mkubwa kuliko wote, aliyekuwa tawini akizungumza na mkurugenzi wa makao makuu, asiambulie neno, akaweka simu chini, akahamia kampuni nyingine.

Karatasi inasema kwamba tarehe 1 Julai 2009 marehemu aliomba mwenyewe kupumzishwa uongozi. Wajomba wamsamehe msomaji, si kweli. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha jina lake, akaulizwa nani mwingine alikuwa na nywila, akajibu kwamba kitengo ni chake na kosa ni lake, akavuliwa cheo, nacho akapewa mdogo wake, aliyekipokea kwa mikono miwili. Karibu miaka kumi na mitano marehemu alifanya kazi chini yake, akimwita bosi bila kejeli, na bado wafanyakazi wakikwama waliupita mlango wa bosi wakaenda mezani kwa kaka, na bosi, badala ya kuona aibu, aliona wivu, wivu wa kuchoma kifua.

Marehemu alianza kuugua figo Januari 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 2 mwezi huu mdogo wake alikwenda wodini kukiri, hakufika hata katikati, mgonjwa akamwambia kwamba alijua tangu siku ileile, kwamba aliona afadhali yeye akose cheo kuliko mdogo wake akose kazi, na kwamba kilichomuuma ni kimoja tu, mkewe kumwona mzembe miaka yote hii, maana hakuweza kujisafisha kwake bila kumchafua ndugu yake. Mdogo mtu alitoka analia, na katika kilio kilekile, Mungu amrehemu, alimwonea wivu, kwamba hata wema alimtangulia. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa tisa alasiri.

Basi, shemeji, mumeo hakuzembea. Aliyeandika arobaini ni huyu anayesoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wote, pamoja na mkurugenzi, ambaye msomaji atamwomba dakika tano tukimaliza hapa, na barua ya kujiuzulu anayo mfukoni.

Pumzika kwa amani, kaka, na hiyo amani nayo, mdogo wako anakuonea wivu.