Anachopenda Mke wa Breki

Siku ile, kwenye benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu, walikuwepo watu wanne, na wa tano akaja baadaye. Alikuwepo fundi mwenyewe, aliyeitwa Gundi, kwa sababu akishakaa haondoki, na ukikaa karibu naye na wewe huondoki. Alikuwepo Muhuri, karani mstaafu wa ghala, ambaye hata akikubali kwamba jua linawaka husema kwanza "kwa mujibu wa taratibu". Alikuwepo Shangazi na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa. Shangazi wa nani, hakuna aliyejua. Alikuwa wa wote. Na alikuwepo Breki, aliyeendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na mmoja, akapewa jina hilo kwa kuwa gari lake lilikuwa nazo na mdomo wake haukuwa nazo. Wa tano ni mama mmoja mgeni, mwenye mtoto mgongoni na sandali iliyokatika ukanda, lakini huyo tutamfikia.

Breki alifika mapema kuliko siku zote, na alifika na njaa. Hilo lilikuwa jambo geni. Kwa kawaida alikuja ameshakunywa chai yake nyumbani, njiti ya kiberiti ikiwa mdomoni, tayari kuwasimulia vyakula vya safarini. Breki hakuzikumbuka barabara kwa majina ya miji; alizikumbuka kwa sahani. Ukimwuliza njia ya kwenda kaskazini atakwambia unapita maharage mazito, unapanda mlima wa mbuzi wa kuchoma, ukifika kwa samaki wa kukaanga unakunja kulia. Akifika kwenye mchuzi wa yule mama wa mizani, pale malori yanapopimwa uzito, hufumba macho na kunyamaza kidogo, kama mtu anayemkumbuka marehemu.

Asubuhi hiyo hakusimulia kitu. Shangazi alimmiminia kikombe, akaingiza mkono kapuni mwake, akakata nusu ya mkate aliojiwekea wa mchana na kumwekea gotini. Breki akaula wote. Hakuuliza ulikuwa wa nani.

Alipopata nguvu ndipo akaeleza. Jana mchana mkewe alipika samaki. Yeye akaingia jikoni, akagonga sufuria kwa kifundo cha kidole, maana hiyo ndiyo tabia aliyotoka nayo barabarani: dereva hagusi safari kabla hajagonga matairi, na yeye hakuwahi kugusa chakula kabla hajagonga sufuria. Akaonja. Akasema si mbaya, lakini yule mama wa mizani angetia ndimu kidogo. Mkewe alivua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja vizuri, akatoka.

— Na leo asubuhi nimekuta mezani sahani mbili, moja imefunika nyingine, na kijiko pembeni, Breki akasema.

— Ukafunua? akauliza Gundi.

— Nikafunua. Sahani nyeupe tupu, imeoshwa ikang'aa. Nikamwuliza, mke wangu, chai iko wapi? Akasema, mzee wangu, chakula chako siku hizi kinatoka kwa yule mama wa mizani. Kimechelewa njiani.

Gundi alicheka hadi sindano ikamchoma kidole. Breki naye akacheka, maana alijua kwamba kama angekuwa yeye ndiye anayesimuliwa, angekuwa ameshaanguka kutoka kwenye benchi. Lakini kicheko chake kilikatika mapema. Akasema yaliyobaki huku akiangalia kikombe. Kulikuwa na begi kitandani, na mkewe alikuwa anapanga nguo ndani yake. Jumamosi anakwenda kwa binti yao. Breki alipomwuliza atarudi lini, alimjibu, "Nikishiba."

Hapo hakuna aliyecheka. Walimfahamu mke wa Breki. Ndiye aliyempelekea Gundi uji wiki mbili nzima alipougua homa, na kila siku akijifanya anapita tu.

Muhuri akakohoa. Alisema kwamba kwa mujibu wa taratibu, kwanza lazima ijulikane kosa liko wapi.

— Wahenga walisema, wapishi wengi huharibu mchuzi. Mkeo anapika peke yake. Kwa hiyo mchuzi hauwezi kuwa umeharibika. Kilichoharibika ni ulimi wako.

— Ulimi wangu mzima.

— Huo tunaujua mzima kwa kazi nyingine. Kwa kazi ya kuonja, hatuna ushahidi.

Gundi hakukubaliana naye. Yeye alisema tatizo ni mtikisiko. Tumbo la dereva limezoea kutikiswa. Chakula cha safarini kinaingia tumboni, lori linakipiga mawimbi, chumvi inafika kila pembe. Chakula cha nyumbani kinaanguka mahali pamoja na kukaa hapo kama gunia. Dawa yake ni mtu amtikise Breki kiti wakati anakula.

Muhuri akaona nadharia hiyo ina upungufu, akaongeza moshi. Miaka thelathini na mmoja ya kula kando ya malori, alisema, ni lazima dizeli ilikuwa mojawapo ya viungo. Huenda mke wa watu anapika vizuri sana na kinachopungua ni harufu ya bomba la moshi. Gundi akasema basi jambo rahisi ni kumwekea meza barabarani, apite mtu na kumpigia honi kila tonge la tatu. Muhuri akataka pia liandikwe bango, "Hoteli ya Mke Wangu", na Breki awe anazunguka mtaa mzima kwa miguu kabla ya kuingia, ili awe anafika kama msafiri.

Walitegemea Breki akasirike. Badala yake alikuna kisogo.

— Nilishajaribu.

— Ulijaribu nini?

— Mwezi uliopita jirani alipoegesha lori lake. Nilichukua sahani yangu nikaenda kulia kule juu, kwenye kiti cha dereva.

— Na ladha?

— Wali ulinimwagikia kwenye klachi. Mke wangu aliniona kupitia dirisha la jikoni.

Shangazi aligeukia jiko lake na kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Gundi akaweka chini kiatu alichokuwa anashona. Alimwuliza Breki mara ya mwisho alimsifia mkewe chakula lini. Breki akajibu haraka, kama mtu aliyeulizwa leseni na anajua iko mfukoni:

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana sijawahi.

— Hujawahi? Miaka yote?

— Thelathini na minne. Sikutaka autie mchuzi maji.

Muhuri, ambaye aliheshimu methali kuliko watu, alifungua mdomo kuunga mkono, akaufunga. Breki mwenyewe aliyasikia maneno yake yakining'inia hewani, na hayakuwa mazuri kama yalivyokuwa kichwani. Yule mama wa mizani, alikumbuka, yeye Breki alikuwa anamsifia kila safari, kwa sauti, hadi madereva wa meza nyingine wanageuka.

Ndipo alipofika yule mgeni, akichechemea, sandali mkononi. Gundi akaipokea, na kabla ya kuitazama akachukua kipande cha boksi na kukiweka chini, ili ule mguu mtupu usikanyage lami ya moto. Muhuri akasogea juani ili kivuli kimfikie mtoto aliyelala mgongoni. Hakuna aliyesema asante wala karibu. Yalifanyika tu, na mazungumzo yakaendelea. Ukiwaangalia wanaume wale mikono yao, ungesema ni watu wenye akili. Shida ilianza walipofungua midomo.

Walikuwa wamefika kwenye dawa. Ilikubaliwa kwamba Breki asirudi nyumbani mikono mitupu, na kwamba apeleke chakula, kwa kuwa kosa ni la chakula. Chakula gani, hapo ndipo moto ulipowaka. Muhuri alisema nyama ya kuchoma, maana hajapata kuona mtu akifunga begi huku anatafuna nyama. Gundi alisema nyama ina kiburi, apeleke samaki mkubwa mzima, ishara ya kuomba radhi kwa samaki yule wa jana. Muhuri akasema huko ni kumpelekea mtu ushahidi wa kesi. Breki alitaka kupeleka kuku wa kukaanga. Alijua mahali pazuri, ila ni mwendo wa siku mbili kwa lori. Sauti zilipanda. Kila mmoja alitetea sahani yake, na ilikuwa wazi kwa yeyote aliyesikiliza kwamba kila mmoja alikuwa anatetea tumbo lake.

Mgeni alikuwa anamtikisa mtoto taratibu, akisubiri sandali. Akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa:

— Samahani, baba zangu. Huyo mama mwenyewe anapenda nini?

Breki alifungua mdomo kwa haraka yake ya siku zote.

— Nyama ya shingo, iliyopikwa muda mrefu mpaka ikaachia mfupa.

— Hiyo ni wewe, akasema Gundi.

— Basi kichwa cha samaki. Hicho nina hakika nacho. Kila tukila samaki, yeye anachukua kichwa.

— Anakipenda, akauliza mgeni, au ndicho kinachobaki?

Breki aliangalia juu, kama majibu yameandikwa kwenye bati la kibanda. Angeweza kumwambia mtu yeyote ni kibanda gani katika barabara tatu kina chai yenye tangawizi, na ni kipi kinachochemsha majani ya jana. Aliwajua wapishi kumi na tisa kwa mikono yao. Mtu aliyemwekea sahani mbele maelfu ya mara, hakuwa na habari naye hata ya tonge moja. Mkewe hula jikoni, yeye akishamaliza. Hula nini huko, hakuwahi kwenda kutazama.

Akamgeukia Muhuri amsaidie. Muhuri akasema wa kwake anapenda chai. Gundi akasema chai ni ya watu wote, hiyo si habari. Muhuri akaanza kuhesabu kitu kwa vidole, akakiacha.

Wote wakamtazama Shangazi, kwa kuwa ni mwanamke na pengine angejua.

— Msinitazame mimi, Shangazi akasema. Miaka kumi na miwili nawamiminia kahawa. Mmoja wenu aseme kama mimi naipenda au siipendi.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akiinywa.

Gundi alikuwa ameinamia sandali. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka wa saba sasa, na si mtu wa kulizungumzia. Alivuta uzi, akasema bila kuinua kichwa:

— Wa kwangu alipenda papai. Niliambiwa na dada yake, siku ya msiba.

Akakata uzi kwa meno na kumpa mgeni sandali yake. Mgeni aliivaa, akasimama, akawaaga wote mmoja mmoja. Alikuwa hajafika mbali Breki naye aliposimama. Kahawa yake ilikuwa nusu. Muhuri akamwuliza ameamua kupeleka nini, nyama au samaki. Breki akashika njia ya nyumbani, na kwa mwendo wake ungedhani ameegesha gari mlimani akasahau breki ya mkono.

Mkewe alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda, anachambua mchele. Breki alisimama mbele yake akihema.

— Mke wangu. Wewe unapenda kula nini?

Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anapoanza kusema ovyo.

— Nani amekutuma?

— Benchi zima.

Midomo ya mama ikatikisika, lakini hakuiachia icheke. Alichambua punje mbili tatu zaidi. Kisha akaweka ungo chini.

— Ngoja, akasema. Ngoja nikumbuke.

Akakumbuka. Alisema anapenda yai la kukaanga, kingo zake ziwe zimeungua kidogo. Na alile akiwa amekaa, na asiwepo mtu wa kumwita kabla hajamaliza.

Breki aliingia jikoni. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ametazama mayai yakikaangwa pande zote za barabara, akadhani kutazama ni kujua. Yai la kwanza lilivunjikia juu ya jiko, likatoa harufu. La pili lilikuwa na maganda. La tatu kingo zake hazikuungua kidogo, ziliungua sana, na katikati yake palikuwa pabichi. Aliliweka kwenye sahani, akamwekea mkewe kiti mezani, akamkalisha, akatoka na kuurudisha mlango nyuma yake. Kisha akasimama nje, mgongo wake ukiwa mlangoni.

Jirani mmoja akaja na kuanza kuita kutoka mbali, anataka kuazima chujio. Breki aliinua mkono kumsimamisha.

— Anakula, akasema.

Yule jirani alimtazama Breki, akautazama mlango, akageuka na kurudi kwake akinyata. Ndani ilisikika sauti ya kijiko ikigusa sahani, taratibu, bila haraka yoyote.

Jumamosi mama alisafiri kwa binti yao kama alivyosema. Alirudi baada ya siku tisa.