Mafuta Yaliyoganda: Maisha ya Gana Stoilova Parusheva wa Studena Cheshma, 1949–2023

Ndugu, jamaa na majirani, nyinyi mliowahi viti na nyinyi mliosimama kwenye tope: haya ndiyo maisha ya Gana Stoilova Parusheva, kama yalivyoandikwa na dada yake mkubwa, Yonka, ambaye pia ndiye anayeyasoma. Padre Onufri amesema katika wasifu hakuna "mimi". Basi Yonka ataitwa Yonka mwanzo hadi mwisho, na anayeona anatajwa mno angejitolea kuandika yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Mei 1949 hapa Studena Cheshma, mtoto wa pili wa mzee Stoil na mama Raina, msimu wa kuchuma waridi ukiwa umepamba moto. Mama alichuma hadi asubuhi hiyo hiyo, akaacha gunia shambani, akaenda kujifungua. Yonka alikuwa na miaka mitatu, na hadi siku hiyo alikuwa binti mzuri kuliko wote nyumbani, maana alikuwa peke yake. Akaonyeshwa kitu chekundu kilichokunjamana, akaambiwa, "Mnuse mdogo wako, ananukia waridi." Yonka alinusa. Alinukia maziwa yaliyochacha. Alilisema hilo siku ile na analirudia leo.

Gana alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia 1956, kisha akajiunga na shule ya ufundi mjini Kazanlak, 1963 hadi 1967, akasomea ukamuaji wa mafuta ya maua. Aliyekuwa na mwandiko mzuri ni Yonka, wazee wachache waliobaki wanakumbuka. Lakini zamu ya Yonka ilipofika baba alisema nyumba inahitaji mikono, na zamu ya Gana ilipofika nyumba ikawa haihitaji tena. Hakuna aliyemwonea mtu, hali ilikuwa imebadilika tu; Yonka ameelezwa hivyo maisha yake yote. Likizo ya kwanza Gana alirudi na koti jeupe la maabara, akalitundika kwenye msumari wa Yonka.

Tarehe 3 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Lyuben Parushev. Pasaka ya mwaka huo, kwenye ngoma ya duara pale uwanjani, Lyuben alisimama kati ya dada hawa wawili, kila mkono na mtu wake. Lyuben amekaa pale mbele na anajua ni mkono upi aliushika kwanza. Mungu aliwajalia Ognyan na Snezhina. Yonka naye aliolewa na Kuncho, mtu mwema, Mungu amsamehe, ambaye kipaji chake kilikuwa usingizi.

Kazi alianza 1967 katika maabara ya kiwanda cha serikali. Mwaka 1992, watu waliporudishiwa mashamba yao na kila mmoja anashangaa afanye nini na kipande chake, Gana alizunguka nyumba kwa nyumba, akawakusanya, wakaanzisha ushirika wa waridi. Wakamfanya mwenyekiti. Mwaka 1999 wakamchagua meya, wakamrudisha mara mbili, hadi 2011 alipokataa mwenyewe. Yonka alikuwa na duka la vifungo na nyuzi. Watu waliingia humo, wakagusa vitambaa, wakasema, "Ah, wewe ndiye dada yake meya," wakatoka bila kununua hata sindano.

Hapa ni lazima jambo lisemwe wazi, la sivyo wasifu huu utakuwa wa mtu mwingine. Yonka alikuwa na kauli yake, na wengi wenu mmeisikia kwenye harusi na kwenye misiba: hakuna anayefika kule juu na mikono safi. Sisi wengine tumebaki chini kwa sababu tuna dhamiri. Kauli hiyo ilimlisha kama mkate. Kama mdogo wake alipanda kwa hila, basi Yonka kubaki nyuma ya vifungo kulikuwa heshima. Lakini kama Gana alipanda akiwa safi, basi ni nini kilichomzuia Yonka? Hilo swali alilikimbia. Alihitaji doa, moja tu, hata dogo, na alilitafuta kwa bidii kuliko mkaguzi yeyote wa serikali.

Alitazama barabara. Mtaa wa meya ulitiwa lami mwisho, baada ya mtaa wa makaburi. Alitazama ajira. Ognyan aliomba kazi manispaa, mama yake akamwambia apange foleni na wenzake. Akapanga, akakosa, akaondoka kwenda Hispania kuendesha malori, na miaka mingi akawa anapiga simu kuongea na baba yake tu. Yonka alikwenda kumpa Gana pole, akamkuta jikoni anatazama dirishani na mkate wa jibini unaungua kwenye oveni. Lile nalo lisemwe: meya wetu hakuwahi kutoa mkate oveni bila kuuchoma. Yonka anatoa vizuri mpaka leo.

Ikaja Mei 2004. Mvua ya mawe ilishuka mchana mmoja ikayavua mashamba yetu maua, na ushirika ulikuwa umeshaahidi mafuta kwa wanunuzi wa nje. Akatokea dalali kutoka Plovdiv na debe la mafuta ya indrishe, ule mmea wa chunguni wenye harufu kama ya waridi, ambao kila bibi hapa hutia jani lake kwenye jamu. Yonka alikuwepo, kwa sababu siku hizo alihakikisha anakuwepo.

"Bibi mwenyekiti," dalali alisema, "mwaka huu kila mtu bondeni anaongezea kidogo. Waridi kidogo, hii kidogo. Pua ya nani itajua?"

Gana akageuka. "Dada, wewe unasemaje?"

"Tia," Yonka akasema. "Watu wana watoto. Tia tu."

Alisema kwa sauti ya huruma, lakini moyoni alikuwa akiomba kama mtu aliyepiga magoti. Kijiko kimoja tu, Gana. Kijiko kimoja, tuwe sawa.

"Beba debe lako," Gana akamwambia yule mtu. "Na pale darajani uende polepole, pana shimo. Nimeshaliandikia barua mara tatu."

Aliwapigia wanunuzi, akawaambia watapata robo. Majira yale ya baridi yalikuwa machungu. Familia kadhaa zilijitoa kwenye ushirika, na kuna aliyemwaga majivu ya jiko mlangoni pake, naye yupo hapa leo na shada kubwa. Wanunuzi walirudi mwaka uliofuata, wakaleta na wenzao, na waliojitoa wakarudi mmoja mmoja wakikohoa getini. Gana aliwafungulia. Yonka angewaacha wakohoe.

Lakini maneno yalibaki: eti alichakachua kimya kimya. Yonka hakuyaanzisha. Aliyabeba tu. Siku ya Mtakatifu Dimitar, mwishoni mwa Oktoba 2004, Gana akamletea kichupa cha mafuta ya ule msimu wa mawe, kwenye kibweta chake cha mti. Sasa, mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba mafuta safi ya waridi huganda kwenye baridi, na yaliyochakachuliwa husuasua. Yonka alishukuru, akambusu mdogo wake, akangoja aondoke, akaenda nayo kwenye ile chemchemi ya maji baridi iliyokipa kijiji chetu jina. Akakitumbukiza kichupa, akasubiri vidole vikimuuma. Ndani yake pakaota sindano nyeupe, halafu yote yakashikamana.

Mwaka uliofuata akarudi, labda mara ya kwanza aliona vibaya. Yakaganda. Ikawa desturi yake ya kila vuli, baridi ya kwanza ikiingia, na kila vuli alirudi nyumbani na kichupa kilichoganda na chuki mpya.

Mwezi Februari 2023 Gana alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Alipelekwa hospitali Stara Zagora, ikaonekana ni saratani ya kongosho, na baada ya matibabu ya miezi kadhaa akaomba arudi nyumbani. Yonka alihamia kwake. Alimpikia supu, alimbadilishia shuka, na aliwaonea wivu wageni waliokuja kumwona, kwa sababu walikuwa wengi na hakuna aliyekuja kumwona Yonka alipovunjika nyonga. Mchana mmoja wa Oktoba, wakiwa wawili, mgonjwa alifumbua macho.

"Dada. Mwaka huu umeshakitumbukiza?"

"Nini?"

"Kichupa."

Yonka alikunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. "Nani kakwambia?"

"Kijiji kizima, dada. Mwanamke mzima umeinama chemchemini na koti la kanisani, ulidhani wanafikiri unavua samaki?"

"Na hukusema kitu."

"Ningesema ungeacha." Akapumua kidogo. "Siku ile ya debe, unajua nilikaribia kukubali? Usiku uliotangulia nilikuwa nimeshapiga hesabu. Majirani wangesamehe. Padre angesamehe. Hata Mungu nilishamwandalia maneno."

"Sasa kwa nini ukakataa?"

"Nilikutazama. Ulivyosema 'tia', uso wako uling'aa kama bibi harusi. Nikajua nikitia, wewe utajua, na utafurahi." Gana akacheka, kicheko kikamuuma. "Wenzangu waliopotea kwenye vyeo hawakuwa na mtu wa kuwaonea wivu vizuri. Mimi kila karatasi niliyotia saini ulikuwa umekaa begani kwangu. Umenichosha, dada. Nipe maji."

Yonka alimpa maji. Hakulia, kwa sababu alikuwa amekasirika: maisha yake yote alikuwa akimvuta mtu chini, kumbe anamshikia ngazi.

Gana Parusheva alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 18 Novemba 2023, nyumbani kwake, mkono wake mmoja ukiwa kwa Lyuben na mwingine kwa Yonka. Ameacha mume, Lyuben, mwana, Ognyan, aliyerudi kutoka Hispania na sasa ndiye mwenyekiti wa ushirika, binti, Snezhina, wajukuu Kalina na Boyan, na dada mmoja.

Leo kabla ya kuja hapa Yonka amepitia chemchemini. Safari hii hakujua aombe nini. Akisema aliomba yagande, mtamcheka. Akisema aliomba yasigande, mtamwamini. Yameganda, haya hapa mfukoni, na Padre ameuliza kama atapenda yawekwe kwenye jeneza pamoja na marehemu. Hapana. Kichupa hiki kinabaki juu ya ardhi. Na wewe Ognyan, mwanangu, mwenyekiti, uliyevaa tai ya babako: Mei ijayo utanitolea kichupa kingine cha mafuta mapya. Mama yako mkubwa hajafa, na ile chemchemi bado ina baridi.

Yonka amesema "mimi". Padre amsamehe.

Gana, lala sasa, mdogo wake Yonka, hakuna tena anayekuchungulia. Nafasi ya kwanza ni yako, na dada yako ameikubali, kwa leo.