Ndimu za Barabara ya Wajir

Mwenyezi Mungu ahimidiwe, ndugu zangu! Namhimidi kwa mdomo wenye meno kumi na moja. Mengine niliyaacha kwenye barabara ya Wajir, na huko huko nilimwacha mdogo wangu, Abdi.

Alianguka asubuhi, karai la udongo likiwa bado kichwani. Kovu la mguuni, la jeraha alilopata tukiwa watoto, lilikuwa limefumuka lenyewe kana kwamba halijawahi kupona. Fizi zimevimba mpaka zimefunika meno, damu inavuja. Nyapara Kombo akamtandika kiboko mara tatu. "Inuka, mvivu wa jangwani!" Abdi hakuinuka. Mpaka leo hajainuka.

Mimi sikusoma, naandika kama ninavyosema. Tuliandikwa kazi Garissa, miaka ile serikali inafungua njia ya malori. Posho yetu ilikuwa unga wa mahindi, maharagwe makavu, chumvi na majani ya chai, basi. Hatukulalamika, maana kila asubuhi wanawake wa wafugaji walituletea maziwa ya ngamia, mabichi, yananukia moshi wa vyombo vyao. Mkubwa wao alikuwa Habiba, tukimwita Eedo, yaani shangazi.

Siku moja Kombo akatoa amri: maziwa yote yachemshwe kwanza kwenye pipa la kambi, eti mabichi ni uchafu. Eedo akakataa. Kwetu sisi wafugaji, maziwa ya ngamia hayapandi motoni. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba ukiyachemsha, kiwele cha mnyama kinaungua.

"Kachemshe ya mama yako!" Eedo akamwambia Kombo, akageuza ngamia wake.

Ndugu zangu, hapa nina aibu. Nilikuwa nimevaa kaptula ya serikali, najiona mjanja. Nikampigia kelele: "Eedo, moto uko huku, kiwele kiko kule. Kitaungua vipi?" Kambi nzima ikaangua kicheko. Abdi peke yake hakucheka. Akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, leo umetufukuzia mama."

Wanawake hawakurudi tena. Miezi ikapita. Kwanza uchovu, kisha magoti yakauma, madoa meusi yakatoka miguuni, kisha fizi. Kombo akasema ni uvivu. Na jueni hili: kila lori lililotoka Garissa lilileta gunia la ndimu kutoka mashamba ya mtoni, posho ya wafanyakazi. Tuliliona kwa macho yetu likiingia hemani mwa Kombo. Hatukuonja hata kipande!

Tulipomzika Abdi, mimi sikuweza kusimama. Kambi ikasogezwa mbele, nikaachwa chini ya mgunga na debe la maji. Nikasema, Ee Mola, kama ni mwisho, na uwe leo.

Haukuwa mwisho! Mungu alimpitisha pale Eedo Habiba, anapeleka ngamia visimani. Yule yule niliyemcheka!

"Mjanja wa kaptula," alisema, "fungua mdomo."

Akaninywesha maziwa mabichi, asubuhi na jioni. Baada ya siku chache damu ikakoma. Kabla ya mvua nilikuwa natembea kwa miguu yangu.

Dresa wa Garissa, yule mfunga vidonda wa hospitali, ndiye aliyenipa jina la ugonjwa: kiseyeye. Alisema ndani ya ndimu, matunda, mboga za majani na maziwa hayo mabichi kuna kitu kinaitwa vitamini C. Huyeyuka majini, moto mrefu hukiharibu, na mwili haukiweki akiba. Lazima ukipate kila mara. Eedo hakujua vitamini. Alijua maziwa. "Na zile ndimu za hemani je?" nikamuuliza dresa. Akaniambia ndimu zingemponya ndugu yangu.

Basi mtumainieni Mungu, ndugu zangu. Dawa yake aliiweka kwenye kiwele na kwenye tawi la mndimu kabla hatujaijua. Ukiona fizi zinavuja, usingoje kuitwa mvivu.

Lakini kumtumaini Mungu hakujanifunga mdomo. Kombo yuko hai, hapa hapa Garissa, anaswali safu ya mbele, meno yake yote kinywani. Kiboko alichonipiga mimi nimekisamehe. Cha Abdi si changu kusamehe. Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitasimama mlangoni. Kombo, usiruke ukuta wa nyuma. Njoo unijibu mbele ya watu: ndimu zetu alikula nani?